Torger Tokle, bingwa wa skii aliyeuawa akipanda mlima kwa buti

“Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mpagazi wa njia ya Marangu. Msimu uliopita mgeni wetu mmoja, mzee wa Norwei, alinisimulia habari za Torger Tokle, bingwa wa kuruka kwa skii aliyekufa vitani Italia akiwa na gwanda la Marekani. Tangu siku hiyo habari hiyo haijanitoka. Mnorwei huyo alifikaje kwenye jeshi la Marekani? Askari anapiganaje akiwa juu ya skii? Na kwa nini walimpeleka mstari wa mbele mtu wa thamani kama yule, badala ya kumbakisha nyuma afundishe wenzake?”

Marahaba, mwanangu. Nimekaa na swali lako siku mbili kabla ya kulijibu, maana hilo la mwisho ni zito na sikutaka kulipitia juu juu. Nianze na jambo ambalo huenda mgeni wako hakulitaja. Siku aliyouawa, tarehe 3 Machi 1945, Tokle hakuwa na skii miguuni, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji. Alikuwa kwenye mashambulizi ya mlimani kwa buti, kama askari mwingine yeyote wa miguu, kombora la mzinga likamkuta hukohuko. Zilikuwa zimebaki siku nne atimize miaka 26.

Alizaliwa tarehe 7 Machi 1919 huko Løkken Verk, mji mdogo wa machimbo kusini-magharibi mwa Trondheim. Ukitaka kuelewa jinsi mtoto wa huko anavyokutana na skii, ziweke kando picha za watalii matajiri na hoteli zao za milimani. Fikiria baiskeli ya kijijini kwenu. Theluji ikishaziba njia, skii ndizo zinazomfikisha mtu shuleni, dukani na kwa jirani, na kila penye mteremko watoto wanakusanya theluji, wanaipigapiga mpaka iwe kilima kidogo chenye ukingo, halafu wanashindana nani ataruka mbali. Hakuna anayewalipia wala anayewafundisha. Anayeanguka anajipangusa na kupanda tena.

Tena kwa Wanorwei skii na bunduki ni ndugu wa siku nyingi. Katika karne ya 18 jeshi lao lilikuwa na kombania za askari wa skii, na mwaka 1767 ziliandikwa kanuni za mashindano yao, pamoja na zawadi ya fedha kwa askari atakayelenga shabaha huku akiteremka. Mruko wa kwanza wa skii uliowekewa kumbukumbu ni wa mwanajeshi pia: Olaf Rye, ofisa kijana, aliruka mita 9.5 mwaka 1808. Huyo Rye baadaye alihamia jeshi la Denmark, akapanda vyeo hadi ujenerali, akauawa vitani huko Fredericia mwaka 1849. Kwa hiyo ukimtafuta mrukaji wa kwanza anayejulikana kwa jina, unamkuta askari aliyeangukia vitani. Kila nikifundisha somo hili naanza na Rye, kisha namalizia na Tokle.

Tokle mwenyewe hakuwa mwanajeshi wa kazi. Sisi tukisema mwanajeshi bingwa, tunamfikiria mtu kama Meja Juma Ikangaa, aliyekuwa ofisa wa JWTZ aliposhinda mbio za marathoni za New York mwaka 1989. Tokle alikuwa seremala. Alivuka bahari kwenda Marekani Januari 1939, akiwa na miaka 19, na kabla ya siku moja kupita tangu ashuke melini alikuwa ameshasimama juu ya kilima cha mashindano cha Bear Mountain, kaskazini mwa jiji la New York, kando ya mto Hudson. Akaruka, akashinda. Hebu pima jambo hilo wewe unayejua mwili unavyokuwa baada ya safari ndefu: miguu bado inahisi mawimbi, kilima hukijui, lugha huijui, watu huwajui, na bado unashinda.

Akaweka makazi Brooklyn, ambako wakati huo kulikuwa na Wanorwei wengi, mabaharia na mafundi wa ujenzi, wenye makanisa yao, maduka yao na chama chao cha skii. Kuruka ulikuwa mchezo wa ridhaa. Hakuna aliyejenga nyumba kwa medali. Wiki nzima nyundo na msumari, siku ya mapumziko kilimani.

Hapa niseme kidogo mchezo wenyewe ulivyo, kwa sababu wengi wetu tunauchanganya na ule wa Philip Boit. Boit, Mkenya aliyekwenda Olimpiki za Nagano mwaka 1998, alishindana mbio za nyika za skii, kilomita 10 za kusukuma na kupanda na kuteremka. Alimaliza wa mwisho, na bingwa wa mbio zile, Mnorwei Bjørn Dæhlie, alimsubiri kwenye mstari ili amkumbatie. Hizo ni mbio za pumzi. Kuruka ni kitu kingine kabisa. Mrukaji anaanzia juu, anateremka kwenye njia ya kuchukulia kasi akiwa amechuchumaa, na anapofika ukingoni ana chini ya nusu sekunde ya kujifyatua kwa miguu yote miwili. Akiwahi kidogo, nguvu inapotea. Akichelewa kidogo, skii zimeshatoka ukingoni na hana pa kukanyagia. Kisha anaulaza mwili mbele juu ya skii zake, hewa imbebe. Anatua kwenye mteremko mkali, na huo mteremko ndio unaookoa magoti yake, kwa kuwa mwili unaendelea kushuka badala ya kugonga ardhi tambarare. Majaji wanatoa alama za umbali na za mtindo. Siku za Tokle skii zilikuwa za mbao, ndefu na nzito, zikashikiliwa sambamba hewani. Ule mtindo wa kuzipanua mbele kama herufi V ulikuja miaka ya 1980. Kichwani mtu alivaa kofia ya sufu tu.

Sifa ya Tokle ilikuwa pale ukingoni. Hakuwa mrefu wa kupendeza macho hewani. Alikuwa kijana mnene wa mapaja, mwenye mfyatuko ambao wenzake hawakuufikia. Katika mashindano 48 aliyoshiriki Marekani alishinda 42, na akavunja rekodi za vilima 24. Magazeti ya kule yakamwita Babe Ruth wa skii, kwa jina la yule mpigaji mashuhuri wa besiboli. Mwaka 1941 aliruka mita 83 huko Leavenworth, jimbo la Washington, ikawa rekodi ya Marekani. Majira yaleyale, kwenye kilima kikubwa cha njia ya Snoqualmie, mashariki ya Seattle, akafikisha futi 288, karibu mita 88, na kuwa bingwa wa taifa. Mwaka 1942, Iron Mountain, Michigan, akaisogeza rekodi kwa futi moja tu, kutoka 288 hadi 289.

Mtu anayeujua mchezo anaweza kukubishia kwamba Sepp Bradl wa Austria alishavuka mita 100 tangu mwaka 1936, huko Planica. Ni kweli. Lakini umbali wa mruko ni mali ya kilima kabla haujawa mali ya mrukaji. Planica kulikuwa na kilima kilichojengwa makusudi kwa ajili ya kuruka mbali kupita vyote duniani. Mrukaji wa kilima kidogo akijaribu kwenda mbali kupita kiasi anatua pale mteremko unapokwisha, na hapo miguu inavunjika. Ndiyo maana mimi siangalii sana zile mita 88. Naangalia zile rekodi 24. Mtu anayefika kwenye kilima cha watu, kimoja baada ya kingine, na kila mara anaondoka na rekodi ya wenyeji, huyo amewazidi kwelikweli.

Sasa nirudi kwenye swali lako la kwanza. Ujerumani iliivamia Norwei tarehe 9 Aprili 1940, wakati Tokle ana mwaka mmoja na ushei Brooklyn. Njia ya kurudi ikafungwa. Olimpiki za majira ya baridi za mwaka huo zilifutwa. Marekani ikaingia vitani Desemba 1941, na mwaka uliofuata Tokle akajiunga na jeshi lake. Jeshi hilo lilipokea wahamiaji wengi ambao hawakuwa na uraia bado. Ndugu zetu walioko Marekani wanajua kwamba njia hiyo ya gwanda kwenda kwenye uraia ni ya zamani.

Na jeshi lilikuwa linamtafuta mtu wa aina yake. Majira ya baridi ya 1939 na 1940 dunia ilikuwa imetazama kwa mshangao jinsi Wafini, taifa dogo, walivyolitesa jeshi kubwa la Kisovieti kwenye misitu ya theluji. Wafini walikuja kwa skii kimya, wakakata barabara, wakawatenga adui vipandevipande, wakatoweka. Mmarekani mmoja, Charles Minot Dole, aliyekuwa ameanzisha chama cha waokoaji wa skii mwaka 1938, akaanza kuiandikia serikali yake: na sisi tuwe na askari wa namna hii. Hakuchoka mpaka akasikilizwa na Jenerali George Marshall, mkuu wa jeshi zima. Matokeo yake yakawa jambo la ajabu katika historia ya majeshi: chama cha michezo kikapewa kazi ya kusajili askari. Aliyetaka kuingia alitakiwa kuleta barua tatu za watu wanaomjua, kuthibitisha kwamba ni mtu wa milima na theluji.

Hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Divisheni ya 10 ya Milimani. Kambi yake, Camp Hale, ilijengwa Colorado kwenye bonde lenye kimo cha mita 2,800 hivi. Wewe huhitaji kuelezwa kimo hicho. Ni juu kidogo ya Mandara, kituo cha kwanza cha kulala kwenye njia yenu. Tofauti ni baridi. Katika mazoezi makubwa ya 1944 askari walilala nje kwa wiki kadhaa kwenye baridi iliyoshuka chini ya nyuzi 30 hasi, na shanta mgongoni la hadi kilo 40. Huko kwetu sheria ya hifadhi inamlinda mpagazi asibebe zaidi ya kilo 20. Zidisha mara mbili, mfunge skii miguuni, mwambie ateremke. Moshi wa makaa ya mawe wa treni na majiko ulituama bondeni, watu wakakohoa miezi na miezi. Kikohozi hicho kilipewa jina la kituo cha treni cha pale, Pando.

Humo kambini Tokle hakuwa bingwa peke yake, na jambo hili litatusaidia kwenye swali lako la tatu. Alikuwepo Walter Prager, Mswisi aliyekuwa bingwa wa dunia wa kuteremka mwaka 1931 na tena 1933. Alikuwepo Friedl Pfeifer, Mwaustria, mwalimu wa skii wa hali ya juu, ambaye Marekani ilipoingia vitani alikamatwa kwanza kama raia wa nchi adui, ndipo akajiunga na jeshi lilelile la nchi iliyomfunga. Palikuwa hata na batalioni nzima, ya 99, iliyoundwa na Wanorwei na watoto wa Wanorwei, iliyofanya mazoezi hapohapo Camp Hale kabla ya kwenda kupigana Ufaransa. Tokle hakuwekwa humo. Yeye alibaki kwenye rejimenti ya 86 ya divisheni ya milimani, akafikia usajini.

Askari anapiganaje akiwa juu ya skii, basi? Jibu la kweli ni kwamba kwa kawaida hapigani. Skii ni usafiri. Huwezi kulenga shabaha vizuri huku unateleza, na ukiwa na mzigo mgongoni ukianguka unahitaji muda kusimama, nao muda huo adui hakupi. Wafini wenyewe walizitumia kufika mahali ambapo adui hakutegemea, wakazivua, wakapigana kwa tumbo na magoti. Skii zinamfaa askari kwenye theluji nene isiyo na barabara, kwenye misitu mipana kama ya Ufini. Zinafaa kwa doria, kubeba ujumbe, kuburuta majeruhi kwa sleji. Na katika michezo yote ya skii, kuruka ndiko kuliko mbali zaidi na kazi hizo. Hakuna kamanda aliyewahi kumhitaji mtu wa kuruka mita 88 mbele ya adui. Walichokipata kwa Tokle ni vitu viwili vilivyomfanya awe mrukaji: miguu ile, na ule moyo wa mtu aliyezoea kwenda ukingoni kwa hiari.

Juni 1944 divisheni ikahamishwa kutoka Colorado hadi Camp Swift, Texas, kwenye joto na tambarare. Walioingia jeshini kwa barua tatu za milimani wakajikuta wanapiga kwata juani pamoja na nyumbu wao wa kubebea mizigo, wale wanaozaliwa na punda na farasi. Kisha mwisho wa mwaka huo rejimenti ya 86 ikapakiwa melini, ikashushwa Napoli siku chache kabla ya Krismasi.

Nivumilie nitaje jambo moja linaloniuma. Olimpiki za majira ya baridi za mwaka 1944 zilikuwa zimepangwa kufanyika Italia, Cortina d’Ampezzo. Kama dunia ingekuwa na amani, Tokle angefika Italia mwaka uleule akiwa na miaka 24, umri mzuri kabisa kwa mrukaji, na skii begani. Alifika mwaka uleule, akiwa amebeba silaha.

Mbele yao palikuwa na Apenini, mgongo wa Italia, ambako Wajerumani walikuwa wamejichimbia kwa majira ya baridi. Kwa kimo milima hiyo usingeishangaa. Monte Belvedere haufiki mita 1,200. Lango la Marangu lenyewe liko juu zaidi. Lakini aliyekaa juu yake aliiona barabara ya kwenda Bologna, na mizinga yake iliifikia. Mashambulizi yaliyotangulia ya kuutwaa yalikuwa yameshindwa. Januari 1945 doria chache za divisheni zilitoka kwa skii kupeleleza. Baada ya hapo theluji ikaanza kuyeyuka, kukawa matope, mawe na mabomu ya ardhini, na skii zikabaki ghalani. Kile ambacho watu hawa walikuwa wamekifanyia mazoezi miaka miwili kilitumika kwa wiki chache, tena na wachache wao.

Lakini mlima ulikuwa bado unawadai. Kabla ya Belvedere palikuwa na ukuta wa majabali walioupa jina Riva Ridge, ambako Wajerumani walisimama wakitazama kila kitu bondeni. Upande wa Wamarekani ulikuwa magenge ya kimo cha mita 450 hadi 600. Wajerumani waliweka walinzi wachache, wakiamini hakuna batalioni itakayopanda pale, tena usiku. Usiku wa tarehe 18 kuamkia 19 Februari 1945, mamia ya askari wa rejimenti ya 86, rejimenti ya Tokle, walipanda kwa njia kadhaa kwa pamoja, wengine kwa kamba, gizani, kwa ukungu, kimya. Alfajiri walikuwa juu. Usiku uliofuata wenzao wakautwaa Belvedere wakiwa wameamriwa wasifyatue risasi hadi kupambazuke, na siku mbili baadaye Wabrazili, waliokuwa wakipigana bega kwa bega nao, wakautwaa Monte Castello. Ukiniuliza yale mazoezi ya Camp Hale yalizaa nini, nitakupeleka Riva Ridge. Skii hazikuwepo, ila walikuwepo watu ambao mlima, baridi na giza havikuwatisha.

Tarehe 3 Machi mashambulizi yakaanza tena, safari hii kusogeza mstari kaskazini-mashariki. Mojawapo ya vilele vilivyotakiwa kutwaliwa na rejimenti ya 86 ulikuwa Monte Terminale. Ni jina ambalo usingelisikia kamwe kama si waliokufa pale. Mizinga na bunduki za Wajerumani zilikuwa zimeshapimwa kwenye njia zote za kupandia. Sajini Tokle aliuawa siku hiyo ya kwanza, na kombora, karibu na mlima huo. Vita vya Italia vilikwisha tarehe 2 Mei, miezi miwili baadaye.

Sasa hilo swali lako zito: kwa nini hakubakizwa nyuma? Jeshi la Marekani lilijua kumtunza bingwa likitaka. Joe Louis, bingwa wa dunia wa ngumi za uzito wa juu, aliingia jeshini mwaka huohuo wa 1942, akazungushwa kwenye kambi akicheza mapambano ya maonyesho karibu 100 mbele ya askari. Hakupelekwa kwenye handaki. Ila Louis alijulikana na kila Mmarekani, na uso wake ulikuwa na kazi ya kufanya katika nchi iliyokuwa ikiwatenga Weusi hata jeshini. Tokle alikuwa mashuhuri miongoni mwa watu wa theluji tu, na divisheni yake ilijaa watu wa theluji. Ukitaka kuwabakiza mabingwa wote na walimu wote wa Divisheni ya 10, ungebakiza sehemu kubwa ya masajini wake.

Tena afundishe nini, na wapi? Kufikia Juni 1944 shule ya theluji ilikuwa imefungwa. Divisheni ilikwenda nzima, na wale waliokuwa walimu wa skii Camp Hale ndio waliokuwa viongozi wa platuni na seksheni Italia. Nimezungumza na wanajeshi wastaafu wengi katika kazi yangu, wa kwetu, na wote waliniambia jambo moja kwa maneno mbalimbali: platuni inamfuata mlimani yule iliyekohoa naye kambini. Kumwondoa Tokle siku ya safari kungekuwa kuwaambia wenzake kwamba maisha yake yana bei kubwa kuliko yao. Sidhani jeshi lilikuwa na haki ya kusema hivyo, na kwa moyo wangu wote siamini kwamba ingekuwa kweli. Karibu askari 1,000 wa divisheni hiyo waliuawa katika siku 114 za mapigano, na kama 4,000 walijeruhiwa. Wengi wao hatukuwahi kujua walikuwa mabingwa wa nini.

Lakini ukiniuliza kama dunia ilipoteza kitu, nakujibu bila kusita: ilipoteza. Hatukumwona Tokle akishindana na Birger Ruud, na hilo kwangu ni pengo lisilozibika. Ruud, Mnorwei mwenzake, alishinda dhahabu ya Olimpiki ya kuruka mwaka 1932 na 1936. Wakati wa uvamizi alikataa kuutumikia mchezo chini ya Wanazi, wakamfunga kambi ya Grini. Vita vilipokwisha alirudi kilimani, na katika Olimpiki za St. Moritz mwaka 1948 akachukua fedha akiwa na miaka 36. Tokle siku hizo angekuwa anakaribia 29.

Ukitaka kuona walichofanya waliobaki, tazama mlima uleule. Pete Seibert, kijana wa rejimenti hiyohiyo ya 86, alijeruhiwa vibaya katika mapigano ya Monte Terminale, madaktari wakatia shaka kama atateleza tena. Aliteleza, akafika hadi timu ya taifa, na mwaka 1962 akafungua Vail, ambayo leo ni mojawapo ya sehemu kubwa za skii Marekani, si mbali na ilipokuwa Camp Hale. Friedl Pfeifer naye alijeruhiwa Italia, akarudi Colorado na kuiinua Aspen. Kwenye rejimenti hiyo ya 86 alikuwemo pia ofisa mmoja aliyeitwa Bill Bowerman. Baada ya vita akawa kocha wa riadha Oregon, akashirikiana na mwanafunzi wake kuanzisha kampuni iliyokuja kuwa Nike. Mara nyingi nimewatazama wakimbiaji wetu wakiwa na viatu hivyo, nikawafikiria wale watu wa Riva Ridge.

Tokle mwenyewe aliingizwa kwenye jumba la heshima la mabingwa wa skii wa Marekani mwaka 1959, na mashindano ya kumkumbuka yalifanyika miaka mingi kwenye vilima alivyoruka. Nyumbani Norwei alikuwa ameacha mdogo wake, Arthur, aliyezaliwa miaka mitatu hivi baada yake. Arthur naye alikuwa mrukaji. Baada ya vita alivuka bahari kwa njia ileile ya kaka yake, akajiunga na vilima vilevile. Mwaka 1952 Olimpiki za majira ya baridi zilifanyika Oslo, na kwenye kilima cha Holmenkollen, nchini mwao, akasimama mrukaji wa timu ya Marekani mwenye jina la Tokle, jina lile la rekodi ya futi 289. Alikuwa Arthur.